Jina la Bibi Halimo Daftarini

Ndugu msikilizaji, muulize Mtanzania jina la baba yake, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize babu mzaa baba, atakujibu pia. Wapo watakaokwenda mpaka kwa baba wa babu, na babu wa babu, wakihesabu kwa vidole. Sasa geuza swali. Muulize mama yake bibi aliitwa nani. Wengi hapo hunyamaza. Wengine hucheka kidogo, kisha hunyamaza.

Mama huyo hakukosa jina. Aliitwa kila siku, alilima, alizaa, alizikwa na watu wakalia. Lakini jina lake lilizikwa pamoja naye, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kulitunza. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya nasaba, na juu ya karatasi na simulizi tunazozitegemea kuitafuta. Watu wasidhani hili ni jambo la wazee wanaota jua. Ni jambo linalofika mahakamani.

Nimepata barua ya msikilizaji mmoja wa Rugera, Karagwe, mkoani Kagera. Anaeleza kwamba wanaukoo walikaa kikao kugawa kibanja alichokiacha babu yake, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Watoto wa kiume wa marehemu walitajwa mmoja mmoja. Mama yake msikilizaji huyu, ambaye ni binti wa marehemu kwa mke wa pili, hakutajwa. Kijana alipouliza, aliambiwa alete ushahidi. Sasa ananiuliza: ushahidi wa nasaba unapatikana wapi katika nchi hii? Anasema amesikia kwamba Wamarekani huingia kwenye nyumba za nyaraka, wakasoma wosia na madaftari ya sensa, wakawapata mababu zao wa miaka 200 iliyopita. Je, na sisi tunaweza?

Swali ni zuri. Jibu langu ni kwamba tunaweza, kwa kiasi. Lakini kabla ya kuikimbilia karatasi hapana budi tujiulize iliandikwa na nani, na alikuwa anatafuta nini. Karatasi humkumbuka yule tu aliyeulizwa jina.

Tuanze na nasaba inayojulikana kuliko zote katika Karagwe, ile ya Abahinda, ukoo wa wafalme. Simulizi zinasema kwamba Ruhinda, anayetajwa kuwa mwana wa Wamara wa Wachwezi, alifika Karagwe akamkuta Nono wa Malija, wa ukoo wa Abasiita, akautwaa utawala. Kuanzia hapo orodha inateremka kizazi baada ya kizazi, majina ya Ruhinda na Ntare yakirudiarudia, hadi tunafika karne ya 19 kwa Ndagara na mwanawe Rumanyika, aliyekaa Bweranyange.

Ndagara alipokufa hakuacha wosia wa maandishi. Wosia wa ufalme ulikuwa ngoma. Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika kwa Rumanyika pamoja na mwenzake Grant mwezi Novemba 1861, aliandika alivyosimuliwa. Wana watatu wa Ndagara waligombea kiti. Wakuu wa nchi wakaweka mbele yao ngoma ndogo. Kwa umbo ilikuwa nyepesi, lakini ilitiwa dawa, na ilisemekana kwamba asiye mrithi wa haki hangeweza kuinyanyua. Wawili walishindwa. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo.

Wewe unaweza kuamini au kutoamini dawa ile. Mimi ninachokiona ni kwamba Karagwe ilikuwa na njia yake ya kuthibitisha mrithi, yenye mashahidi, yenye kielelezo, na yenye hukumu iliyotolewa hadharani. Na nasaba ya wafalme ilitunzwa kwa sababu kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuitunza. Ndiyo maana mwanahistoria Israel Katoke aliweza kuchapisha mwaka 1975 kitabu kizima juu ya ufalme wa Karagwe. Hata leo jina la mfalme yule liko kwenye ramani: mwaka 2019 nchi yetu ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Jina la mkulima aliyemchimbia Rumanyika shamba halimo popote.

Lakini angalia pia nasaba inavyoweza kupotoshwa. Speke huyohuyo, baada ya kusikiliza habari za mwenyeji wake, alimpa nasaba nyingine. Alimweleza Rumanyika kwamba asili yake ni Uhabeshi, na kwamba ukoo wake unaanzia kwa Mfalme Daudi. Hakuwa na karatasi wala shahidi. Alikuwa na dhana tu, kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa hawawezi kuwa watu wa hapa, lazima wametoka kaskazini. Dhana hiyo ikaingia katika vitabu, ikaingia mashuleni, ikavuka mpaka hadi Rwanda. Miongo mingi baadaye wachochezi wa chuki kule waliitumia kuwaambia Watutsi kwamba wao ni wageni wa kurudishwa Uhabeshi kwa njia ya mto. Mwaka 1994 Mto Kagera ulileta maiti hadi katika Ziwa Viktoria, na wakimbizi wakajaa Karagwe na Ngara. Basi asije mtu akaniambia kwamba habari za nasaba ni soga za barazani.

Tuje kwa mtu wa kawaida. Serikali ya kikoloni ilipoanza kumhesabu, ilimhesabu ili alipe. Mjerumani alitunga sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897. Mwingereza akafuata na sheria ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Karani wa kodi alihitaji kujua mambo mawili tu: mwanamume ni nani, na ana nyumba ngapi. Mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu. Mke wa pili na wa tatu waliingia katika hesabu ya serikali kama nyumba. Hawakuingia kama watu wenye majina. Wazee wetu walizitunza stakabadhi zile za kodi ndani ya masanduku ya bati, na ni vyema walifanya hivyo, maana leo ni ushahidi kwamba fulani aliishi mahali fulani mwaka fulani. Lakini usitafute humo jina la bibi. Hakuulizwa.

Je, sensa? Hapa ndipo msikilizaji wangu wa Rugera alipoweka matumaini makubwa, na hapa ndipo ninapolazimika kumvunja moyo kidogo. Nchi hii imehesabiwa mara nyingi. Waingereza walifanya hesabu mwaka 1921, 1928 na 1931, kisha sensa zilizofuata utaratibu wa kitaalamu mwaka 1948 na 1957. Baada ya Uhuru tumehesabiwa mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Sensa ya 1967 ilitukuta watu kama milioni 12. Ile ya 2022 ilitukuta watu 61,741,120. Lakini vitabu vya sensa vinavyotolewa kwa umma vina hesabu, havina majina. Sheria ya takwimu inakataza taarifa za mtu binafsi zisitolewe, na kwa maoni yangu ni sheria nzuri, maana mtu hatasema kweli kwa karani akijua jirani atakuja kuisoma.

Hata hizo hesabu zina mtego wake kwa anayetafuta ukoo. Sensa ya 2002 inaonyesha Wilaya ya Karagwe ilikuwa na watu 425,476. Ile ya 2012 inaonyesha Karagwe ina watu 332,020. Asiyejua atadhani karibu watu laki moja walihama au walikufa. Hakuna aliyekwenda kokote. Wilaya iligawanywa, na Kyerwa ikapata watu wake 321,026. Kwa hiyo mtu mmoja, ambaye hajawahi kuhamisha hata jembe, karatasi za ujana wake zitasema ni wa Wilaya ya Bukoba, zinazofuata zitasema ni wa Karagwe, Mkoa wa Ziwa Magharibi, nyingine baada ya vita vya 1978 na 1979 zitasema Mkoa wa Kagera, na kitambulisho cha mjukuu wake kitasema Kyerwa. Anayetafuta nyaraka akiwa na jina moja tu la wilaya atarudi mikono mitupu, kumbe faili lipo.

Sasa turudi kwa hao Wamarekani tunaowaonea wivu. Ni kweli kwamba wana bahati. Madaftari yao ya sensa, yenye majina, hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Yale ya mwaka 1950 yalifunguliwa Aprili 1, 2022. Lakini wao nao wana ukuta wao. Kuanzia sensa yao ya kwanza ya 1790 hadi ile ya 1840, aliyeandikwa jina alikuwa mkuu wa kaya peke yake. Mke, watoto na wengine waliwekwa katika safu za tarakimu. Ni mwaka 1850 walipoanza kuandika jina la kila mtu huru. Na watumwa? Mwaka 1850 na 1860 waliorodheshwa katika daftari lao peke yao, chini ya jina la bwana wao, kwa umri, jinsia na rangi, na karibu wote bila majina. Mmarekani mweusi anayemtafuta babu yake hufika salama hadi sensa ya 1870, ya kwanza baada ya utumwa kukomeshwa, kisha hugonga ukuta. Nyuma ya hapo inabidi atafute katika wosia wa mabwana, ambamo watu wametajwa pamoja na ng'ombe na vitanda.

Chukua mfano wa Thomas Jefferson, rais wao wa tatu, aliyefariki mwaka 1826. Wosia wake uliwaacha huru wanaume watano. Kati yao walikuwamo Madison na Eston, wana wa mwanamke mtumwa aitwaye Sally Hemings. Mama yao hakutajwa. Watu wengi walinong'ona kwamba Jefferson ndiye baba wa watoto hao, na jamaa zake wakakanusha. Mwaka 1870 karani wa sensa katika jimbo la Ohio alipofika kwa Madison, aliandika kando ya jina lake kwamba huyu ni mwana wa Thomas Jefferson. Mwaka 1873 Madison mwenyewe akasimulia habari zake gazetini. Alidharauliwa kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1998 wataalamu walipopima damu ya uzao wa Eston wakaikuta inakubaliana na ya ukoo wa Jefferson. Simulizi ya nyumbani, iliyopuuzwa na wenye vitabu, ndiyo iliyosimama. Na ingepotea kabisa kama Madison hangefungua mdomo.

Kwetu Kagera ni karatasi gani iliyomuuliza mama jina lake? Ipo, na iko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Ni daftari la ubatizo. Mapadri wa White Fathers walianza kazi Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Wamisionari wa Kilutheri wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910. Daftari la ubatizo la parokia ya Kikatoliki lina safu ya jina la mtoto, tarehe, jina la baba, jina la mama, na la msimamizi. Pembeni mara nyingi huongezwa habari za ndoa. Kwa familia iliyobatizwa mapema, daftari hilo ni hazina. Mwenye kuhitaji aende kwa unyenyekevu kwa paroko au mchungaji, ataje mwaka kwa kukadiria na kigango au mtaa, aombe kusomewa.

Na sasa nifike kwenye wosia, maana hapo ndipo penye uzito. Mila za Wahaya na majirani zao Wanyambo zilikuwa na utaratibu wa urithi uliojulikana wazi, na mwaka 1945 Hans Cory na mwenzake Hartnoll waliuandika ule wa Wahaya katika kitabu. Mrithi mkuu, omusika, alikuwa mtoto wa kiume. Mali ilibaki katika ukoo, na kibanja chenye makaburi ya wazee hakikuwa kitu cha kumpa mtu wa nje. Mwaka 1963 serikali ilitoa Tangazo Namba 436, likaziweka sheria za mila za urithi na wosia katika maandishi. Humo wosia wa mdomo unakubalika, lakini lazima uwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Rugera, kama babu yako alisema neno lake mbele ya watu, swali la kwanza si karatasi iko wapi. Swali ni nani walikuwapo, na nani kati yao yu hai.

Lakini tangazo hilohilo liliwaweka mabinti katika daraja la tatu, la mwisho, katika urithi. Na ardhi ya ukoo mwanamke aliruhusiwa kuitumia maisha yake, si kuiuza.

Hapo ndipo kesi ya Kashasha, Wilaya ya Muleba, ilipotikisa nchi. Baba mmoja alimwachia binti yake ardhi ya ukoo kwa wosia halali. Mwaka 1988 binti huyo, aliyekwisha kuwa mtu mzima, aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa wa upande wa kiume akaenda mahakama ya mwanzo akisema kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza. Mahakama ya mwanzo ikamkubalia. Shauri likapanda ngazi hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, na Februari 22, 1990 Jaji Mwalusanya akatoa hukumu: mila inayombagua mwanamke katika ardhi inapingana na Katiba, ambayo tangu mwaka 1984 imebeba haki za binadamu. Mauzo yalisimama. Jamaa aliyetaka ardhi irudi alipewa nafasi ya kuikomboa kwa bei ileile, ndani ya miezi sita. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi.

Wanasheria huisifu hukumu ile kwa ajili ya Katiba, na wana haki. Mimi naisifu pia kwa ajili ya yule baba. Kabla ya jaji kulikuwa na mzee aliyelitaja jina la binti yake mbele ya mashahidi. Kama asingelitaja, yule mama angeanzia wapi? Angefika mahakamani akiwa kama nyumba ya tatu katika daftari la kodi, hesabu isiyo na jina.

Ndugu wasikilizaji, msinielewe vibaya. Sisemi ukoo hauna maana. Ukoo ndio uliotulea, ukatuoza, ukatuzika. Mnyambo akikutana na mwenzake safarini huulizana oruganda na omuziro, yaani ukoo na mwiko wake, na papo hapo wageni wawili wanakuwa ndugu, au wanajua kwamba hawawezi kuoana. Hiyo ni sensa kamili, haihitaji kalamu. Ninachosema ni kwamba ukoo unaohesabu upande mmoja tu umehesabu nusu ya watu wake.

Basi tufanye nini? Kwanza, nunua daftari. Mfuate bibi, mfuate hasa shangazi, maana shangazi alizaliwa katika kibanja na akaolewa nje, kwa hiyo anajua koo mbili. Muulize majina ya akina mama kama unavyouliza ya akina baba. Muulize nani alizaliwa kabla ya njaa ipi, nani aliolewa baada ya vita ipi. Pili, tembea kibanjani ukiwa na mzee anayeyajua makaburi, uandike nani amelala wapi kabla migomba haijayafunika. Tatu, zitunze stakabadhi za kodi, kadi za ushirika za kahawa, vyeti vya ubatizo na vya ndoa, na kila penye jina la wilaya la zamani andika la sasa pembeni. Nne, wewe mwenyewe andika wosia ungali na nguvu. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, maarufu kama RITA, huandika na kuhifadhi wosia. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya kuandika wosia, ingawa wanaokufa bila kuandika wanaacha vita nyumbani. Na ukiuandika, wataje watoto wako wote, wa kike na wa kiume, wa mke huyu na wa mke yule, kila mmoja kwa jina lake na jina la mama yake.

Nimwambie nini kijana wa Rugera? Akatafute daftari la ubatizo wa mama yake. Akawatafute mashahidi wa babu. Akamtafute shangazi wa babu kama bado yupo. Na akiyapata majina hayo asiyaweke mfukoni kwa ajili ya kesi tu. Ayaandike katika nakala nyingi, ampe kila mjomba na kila mama mdogo, wakiwamo wale waliomwambia alete ushahidi. Mashamba yatagawanywa na kugawanywa tena mpaka kibanja kibaki upana wa mkeka. Orodha ya majina, ukiigawa kwa watu 20, kila mmoja huondoka na orodha nzima.

Hadi wiki ijayo, kwa herini.